Barua ya Bambarre na Kabati Letu



Kwetu Maniema, neno "konje" humletea mtu picha ya kazi iliyowekwa chini: mfanyakazi amerudi kijijini, anawasalimu wazee, anatengeneza paa kabla ya mvua. Konje yetu haikuwa ya namna hiyo. Sisi ni watunza maktaba wawili, mmoja wa Kasongo na mmoja wa Kabambare, na vitabu vyote tunavyovitunza, hata vikikusanywa pamoja, havijazi chumba kimoja. Tuliomba miezi mitatu ya kuyaacha makabati yetu mikononi mwa wengine, ili tukajifunze teknolojia mpya za kidijitali ambazo wakutubi wa nchi nyingi wamekwisha kuzizoea. Ombi likakubaliwa. Wengi walituuliza, kwa kicheko cha upole, mtu anakwenda kujifunza nini cha kompyuta naye anatoka mahali ambapo umeme wake ni ule anaouomba juani. Swali hilo lilikuwa la haki, nasi hatukulipuuza. Tulilibeba pamoja na mizigo yetu.

Lilikuwapo swali jingine lililotusukuma zaidi. Katika makabati yetu mna karatasi zinazokufa. Mna vitabu vya zamani vya parokia ambavyo wino wake umegeuka rangi ya chai; mna madaftari ya makatekista yaliyoandikwa kwa mkono wa subira; mna kumbukumbu za mikutano ya mashirika ambazo kurasa zake zimeshikamana kwa unyevu. Wengi wa walioziandika wamekwisha kutangulia. Tulitaka kujua kama mashine hizi zinazosifiwa na dunia zaweza kuwarudishia sauti.

Tulikwenda Kindu kwa pikipiki, kwa kuwa huko mtandao hupatikana kwa saa nyingi zaidi. Huko ndiko tulikokutana na barua moja iliyoipa konje yetu maana ambayo hatukuitazamia.

Barua hiyo iliandikwa Kabambare. Mwandishi wake ni David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Uskoti, ambaye wengi wenu mmesoma habari zake shuleni. Tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 alikwama katika mji huo, ambao yeye aliuandika kwa jina la Bambarre, kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Karatasi zikamwishia, na wino ukamwishia. Akawa anaandika juu ya vipande vyovyote alivyovipata, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huku kwetu. Tarehe 5 Februari 1871 alimwandikia hivyo rafiki yake Horace Waller aliyekuwa Uingereza. Wino ule haukudumu. Ulififia mwaka hata mwaka, na kwa muda wa zaidi ya karne moja barua ya Kabambare ikawa karatasi iliyopo lakini isiyosomeka.

Mwaka 2010, kundi la wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki, mwanazuoni wa fasihi, lilifaulu kuisoma. Namna walivyofanya si uchawi, na ni vema mwielewe. Karatasi huwekwa mbele ya kamera na kumulikwa kwa mwanga wa rangi moja baada ya nyingine: huanza mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mwanadamu haliuoni, hufuata rangi zote za upinde wa mvua, na mwisho huja infraredi, ambayo nayo jicho haliioni. Kila mwanga hupigiwa picha yake. Karatasi na wino havipokei mwanga kwa namna moja. Pale ambapo kimoja humeza mwanga, kingine huurudisha. Kompyuta huzilinganisha picha hizo, ikakoza kinachotafutwa na kufifisha kinachozuia. Baadhi ya wataalamu hao walikuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo juu ya kitabu cha sala cha karne ya 13, ambacho chini ya sala zake yalifichika maandishi ya Archimedes, mwanahisabati wa Wagiriki wa kale. Waliotengeneza kitabu kile walikwangua hisabati ili wapate ngozi ya kuandikia sala. Mwanga ukazirudisha hesabu bila kuzifuta sala.

Fikirini jinsi tulivyoyasoma hayo. Tulikuwa tumetoka Kasongo na Kabambare, tukaketi mbele ya kioo cha kompyuta mjini Kindu, tukaisoma barua iliyoandikwa katika mji wa mmoja wetu, kwa wino wa mbegu za msitu wetu. Na waliotusomea walikuwa watu wa Marekani na Uingereza. Yule wa Kabambare alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa akitaja mimea ya kutia rangi, naye hakuwahi kumwuliza hata jina la mmoja.

Katika barua ile Livingstone alimweleza rafiki yake jinsi mwili wake ulivyochakaa, na kwamba alikuwa na shaka kama wataonana tena. Akaongeza kwamba maneno hayo yalikuwa kwa macho ya Waller peke yake. Miaka 139 baadaye, maneno ya macho ya mtu mmoja yakawekwa mbele ya macho ya dunia nzima. Hatusemi kwamba wataalamu walitenda vibaya. Mwandishi alikufa mwaka 1873, rafiki yake naye amekwisha kufa zamani, na barua hiyo ina faida kwa historia. Lakini tulilitazama jambo hilo kwa makini, kwa sababu linaonyesha tabia ya mashine. Mwanga ule wa rangi nyingi uliyasoma maneno ya siri kama ulivyoyasoma maneno ya wazi. Haukuuliza kama mwenye maneno aliruhusu. Swali hilo halimo ndani ya mashine. Lazima awepo mtu wa kuliuliza.

Kama tungeishia hapo, tungeweza kurudi nyumbani tukiamini kwamba kufunua yaliyofichika ni ukosefu wa adabu. Kazi ya pili ya kundi lile ilituzuia tusikimbilie hukumu hiyo. Baada ya kuondoka Kabambare, Livingstone alifika Nyangwe, mji wa soko kando ya mto Lualaba, ambao kutoka Kasongo unaufikia kwa kuufuata mto kuelekea unakotiririkia. Huko, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifyatua bunduki zao sokoni, siku ya soko, ambapo wengi wa waliohudhuria walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengi walipigwa risasi. Wengi zaidi walikufa maji mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe waliwakadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari aliyoipeleka Ulaya ilichangia kuikaza mikono ya waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, nalo likafungwa mwaka 1873.

Shajara ya siku zile aliiandika juu ya kurasa za gazeti la Kiingereza la mwaka 1869, akipitisha mistari yake juu ya mistari ya gazeti. Baadaye aliinakili upya katika daftari safi, na daftari hilo ndilo lililochapishwa na watu wakalisoma kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2011 kurasa za gazeti nazo zikasomwa kwa njia ya mwanga. Ndipo ikaonekana kwamba alipokuwa akinakili, alibadili mambo kadhaa na kuyaacha mengine, hasa yahusuyo mwenendo wa watu waliotumwa kumhudumia yeye. Kwa maneno mengine, wale wanawake wa Nyangwe walikuwa na shahidi, na shahidi huyo aliusafisha ushuhuda wake. Karatasi iliyofifia ndiyo iliyoutunza ushuhuda wa kwanza.

Hapo tulielewa kwamba kufunua kwaweza kuwa deni tunalodaiwa na marehemu. Wale waliokufa mtoni hawakuomba wafichwe. Hawakuandika kitu, na majina yao hatuyajui. Kilichobaki kwao ni mistari ya mtu mwingine juu ya gazeti kuukuu, na ni haki yao mistari hiyo isomwe kama ilivyoandikwa mara ya kwanza.

Somo lililofuata lilikuwa la nyumbani. Mwanga wa rangi nyingi waweza kuurudisha wino uliofifia. Hauwezi kuirudisha karatasi iliyoliwa na mchwa. Kurasa za Livingstone zilisomeka kwa sababu kabla ya mashine yoyote kubuniwa, mtu fulani aliziweka mahali pakavu huko Uskoti, na wengine baada yake wakaziacha hapo, ingawa hakuna aliyeweza kuzisoma zote. Walitunza wasichokisoma. Hiyo ndiyo teknolojia ya kwanza ya maktaba, nayo haihitaji umeme. Tulipowaandikia wenzetu waliobaki nyumbani, barua yetu ya kwanza haikutaja kompyuta. Tuliwaomba wainue makabati kutoka sakafuni, waweke kila mguu wa kabati ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari ili mchwa wasipande, na wayasogeze makabati mbali na ukuta unaotoa maji wakati wa masika.

Kasongo nayo ina karatasi zake zilizo mbali. Mnajua kwamba mji wetu ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, kabla majeshi ya Dhanis hayajauteka mwezi Aprili 1893. Watu wa mji ule waliandikiana barua, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip mwenyewe, alipokuwa mzee Zanzibar, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu ya barua na nyaraka za zama zile ilichukuliwa ikaishia katika hifadhi za Ubelgiji, na mwaka 2020 mwanazuoni Xavier Luffin alichapisha kitabu kikubwa chenye nyaraka za Kiarabu na za Kiswahili za miaka ya 1880 hadi 1899 zinazotunzwa huko. Mwaka huohuo, katika jarida la Antiquity, Noemie Arazi na wenzake, miongoni mwao wakiwa Wakongomani, walieleza uchunguzi wao juu ya masalia ya mji wa kale na juu ya yale ambayo wakazi wa leo wanayakumbuka.

Tulirudi Kasongo na nakala ya ukurasa mmoja wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Sisi hatukuweza kuusoma. Programu tulizojifunza hazikuweza pia. Tulikwenda kwa mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani na jirani wa miaka mingi, tukamwonyesha. Alivaa miwani, akasoma polepole kwa sauti, akasimama penye neno moja, akarudi nyuma, akasema, "Hiki ni Kiswahili cha babu zetu, wanangu, msikisome kwa haraka." Tuliketi naye mchana kutwa. Mashine iliuleta ukurasa kwetu. Mzee ndiye aliyeupa maneno. Tangu siku ile, tunaposikia watu wakisema kwamba kompyuta itachukua nafasi ya wazee, tunautaja ukurasa ule.

Sasa turudi kwenye swali la wale waliotucheka kwa upole. Ni nini kinachoweza kufanya kazi mahali pasipo na umeme wa kudumu wala mtandao wa kudumu? Tulijibiwa kwa vitu vidogo. Ipo programu iitwayo Kiwix, ambayo humwezesha mtu kuichukua Wikipedia nzima, hata ile ya Kiswahili, na kuisoma bila intaneti. Ipo kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, Raspberry Pi, ambayo paneli moja ya jua na betri vyatosha kuiendesha. Hutoa waifai ya chumba kizima, na simu zilizomo chumbani hufungua vitabu vilivyowekwa ndani yake, bila salio na bila mnara. Kwa kupigia picha kurasa, simu nzuri yafaa, ikiwa mtu atafuata taratibu: mwanga wa dirishani usio wa jua kali, flashi imezimwa, kitambaa cheusi chini ya kitabu, rula kando ya ukurasa ili ukubwa wake ujulikane, mikono mikavu. Kamera ya simu haioni urujuanimno. Hata hivyo picha ya rangi hukusanya nyekundu, kijani na buluu, na programu ya bure yaweza kuzitenganisha. Wino wa kahawia uliofifia mara nyingi huonekana wazi zaidi katika buluu peke yake. Tulipoifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza juu ya daftari la katekista mmoja wa zamani, mstari tuliodhani ni doa ukawa jina la kijiji.

Tulijifunza pia kwamba picha nayo huoza. Kadi hufa ghafla. Faili la leo laweza kukosa programu ya kulifungua kesho. Maktaba ya Kitume ya Vatikano, yenye miswada ipatayo 80,000, ilipoanza kuipiga picha miswada hiyo ilichagua mfumo wa faili uitwao FITS, uliobuniwa na wanaastronomia, kwa sababu maelezo yake yako wazi kwa wote na faili la zamani bado hufunguka. Nasi, kwa kipimo chetu, tuliamua kwamba kila picha iwe na nakala katika kadi mbili zilizo katika miji miwili, na kila jina la faili litaje kitabu na ukurasa. Picha isiyo na jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni: yupo, lakini hakuna anayejua arudishwe kwa nani.

Jaribu lenyewe lilitukuta katika mwezi wa tatu. Tulikuwa tumepata ruhusa ya kupiga picha vitabu vya ubatizo vilivyo katika hatari zaidi. Kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia kushika kitambaa alitoa wazo. Watu wetu wengi, alisema, walikimbia vita bila karatasi yoyote. Wengine wako miji mingine; wengine wako ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa nchi yetu. Anayetaka kufunga ndoa huulizwa cheti cha ubatizo. Anayetaka kuthibitisha umri wake hana pa kushika. Kwa nini picha hizi tusizitume zote katika kundi la WhatsApp la wanaparokia, ili kila mmoja ajitafute mwenyewe?

Wazo hilo lilitoka moyoni mwa upendo, nalo lilitugawa sisi wawili. Mmoja wetu alisema kijana ana haki: karatasi iliyofungwa kabatini haimfai mama aliye kambini, na kuichelewesha ni kumwongezea mzigo. Mwingine akauliza kitabu cha ubatizo kina nini ndani yake. Kina jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la baba na la mama, kijiji, jina la msimamizi. Mahali pengine nafasi ya baba ni tupu. Katika nchi ambayo watu wamekimbia vita, orodha ya majina, wazazi na vijiji ni kitu kizito. Anayeitafuta si yule anayeihitaji kwa ndoa peke yake. Na picha iliyokwisha kuingia katika simu mia moja hakuna awezaye kuirudisha kabatini.

Tulibishana jioni mbili. Tulichokubaliana kilijengwa juu ya barua ile ya Bambarre na mto ule wa Nyangwe. Wanawake wa Nyangwe hawawezi tena kudhuriwa na mtu. Kwao kufunua ni kuwatendea haki. Livingstone aliomba siri, naye pia hadhuriki tena. Lakini watu wa vitabu vya ubatizo wako hai, au watoto wao wako hai, na siri yao hakuna aliyetupa sisi mamlaka ya kuitoa. Sheria ya Kanisa ilikuwa imekwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Kanuni ya 535 inamwagiza paroko atunze vitabu hivi, na kanuni ya 487, inayohusu hifadhi ya jimbo, inasema kwamba hati ambazo kwa asili yake ni za wazi, zikihusu hali ya mtu mwenyewe, mtu huyo ana haki ya kupewa nakala halali. Nakala ya hati yake, si ya kitabu chote. Sheria ya nchi yetu juu ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za watu binafsi.

Basi tulipendekeza mambo matatu, na Padri Paroko akayakubali. Kwanza, picha zipigwe, zihifadhiwe katika kadi mbili zisizounganishwa na mtandao wowote. Pili, orodha ya vitabu vilivyopo, yaani parokia gani na miaka gani, itangazwe waziwazi hata mbali, ili aliye kambini ajue kwamba kitabu chake kimesalia. Tatu, anayehitaji mstari wake auombe, ajitambulishe, naye apewe cheti chake. Orodha iko wazi na kurasa zimefungwa: hiyo ndiyo kazi ya mkutubi tangu zamani, nasi tulipaswa kupita katika mashine zote hizo ili tuione upya.

Uamuzi huo una gharama, nasi hatuifichi. Yuko mama aliye mbali ambaye atasubiri cheti kwa wiki nyingi hadi apatikane msafiri, hali picha yake ingeweza kumfikia kwa dakika moja. Yule kijana hakufurahi, na hatumlaumu. Alisema, "Basi niandikeni mimi kuwa mjumbe wa vyeti." Ndiyo kazi aifanyayo hadi leo: anapokea maombi, anayapeleka biro la parokia, anatafuta msafiri wa kuaminika. Kuna teknolojia ambayo bado haijabuniwa, na hadi ibuniwe, nafasi yake hushikwa na mtu mwenye miguu na uaminifu.

Ndugu vijana, karibu kila mmoja wenu ana kamera mfukoni. Mna uwezo ambao Livingstone, pale Kabambare na wino wake wa mbegu, asingeuota. Kwa hiyo twawaachia maswali haya, myajadili katika vikundi vyenu pamoja na viongozi wenu. Katika nyumba zenu kuna karatasi gani ambayo mchwa wameikaribia, na ni nani atakayeinyanyua kutoka sakafuni wiki hii? Kuna mzee gani anayejua kusoma, kuimba au kutaja kitu ambacho hakuna programu inayokijua, na ni lini mtaketi naye? Na mtakapoishika simu ili kupiga picha ukurasa wenye jina la mtu, ni nani atakayeulizwa kwanza?

Sisi tumekwisha kurudi kazini. Makabati yamesimama katika makopo ya mafuta, paneli iko juu ya bati, na siku za Jumamosi mlango uko wazi. Njooni na mikono mikavu.